Matusi ya Kiarabu kazini: lipi la kumeza, lipi la kupeleka mbele?

Kutoka: Dada wa Jeddah

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Nafanya usafi kwenye zahanati moja hapa Jeddah. Kiarabu changu ni kile cha madrasa ya Tanga pamoja na hiki cha kuokota kazini, kwa hiyo nasikia mengi lakini uzito wake sijui kuupima. Tuko na Wamisri, Washami (watu wa Syria, Lebanon na jirani zao), Wasudani na wenyeji wenyewe, na kila mmoja ana ulimi wake. Msimamizi wa zamu akikuta sakafu haijakauka ananiita "ya himara", yaani we punda. Kuna muuguzi wa Kimisri, mama mtu mzima, kila nikimchekesha huniambia "yikhrib beitik", yaani nyumba yako ibomoke. Halafu yuko mmoja wa mapokezi ambaye hajapata kunitaja kwa jina langu. Kwake mimi ni "takruniya", na akikasirika ni "ya abda", we mtumwa.

Wenzangu wananiambia yote hayo ni maneno tu, niyapishe. Lakini hilo la mwisho linaninyima usingizi. Naomba wenye kujua mnieleze lipi ni mzaha, lipi ni tusi, na lipi nikilipeleka mbele nitasikilizwa. Kazi naihitaji, nina wanaonitegemea nyumbani.

Kutoka: Kaka wa Doha

Pole sana dada. Mimi ni mlinzi wa jengo na haya nayala kila siku. Huku mtu akitaka kukuita hakuulizi jina, ni "siddiq" au "rafiq", na sauti yake inakuambia kabisa kwamba hakuoni kuwa rafiki. Ushauri wangu ni mmoja: tia pamba masikioni. Mkataba una mwisho wake. Ukimjibu kila mwenye mdomo mchafu utarudi mikono mitupu, na waliokutukana watabaki hapo hapo kazini. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wakirudishwa.

Kutoka: Mzee wa Ruwi, Maskati

Wanangu, salaam. Nimesoma barua zenu zote mbili. Kijana wa Doha namwelewa, lakini sikubaliani naye. Mtu anaweza kunyamaza, na mara nyingi ndiyo busara, ila anyamaze akiwa anajua alichoambiwa.

Kwanza tusidhani kuna Kiarabu kimoja. Neno "mara" kwa watu wa Ghuba na kwa Wasudani ni mwanamke, basi. Mmisri ukimwita "mara" umemshusha chini kabisa, kwao mwanamke wa heshima ni "sitt". Mmisri akiwa "mabsut" amefurahi, na Mwiraki akiwa "mabsut" amechapwa. Wafanyakazi wengi wa Ghuba hugombana kwa sababu ya mambo haya, mmoja amesema neno la kwao na mwingine amelisikia kwa sikio la kwao. Kwa hiyo kabla ya kukasirika jiulize aliyesema ni mtu wa wapi.

Sasa dada, huyo mama wa Kimisri anakupenda. "Yikhrib beitik" huambiwa mtu aliyekushangaza au kukuvunja mbavu kwa kicheko. Huku Ghuba wanayo ya kwao, "Allah ygharbilak", yaani Mungu akuchekeche, nayo mama humwambia mwanawe mtundu huku anatabasamu. Bibi zetu Unguja walikuwa wakituita "mwanahizaya we" na mkono wao uko kichwani mwetu. Mtazame uso. Maneno hayo hayo yakitoka kwa mtu aliyekunja uso ni laana kweli, na hapo ni haki yako kuumia.

"Himar" ni tusi la akili. Pamoja nalo weka "thaur", ng'ombe dume, na "tais", beberu. Anakuambia hufahamu. Ni ukosefu wa adabu, na msimamizi hana haki ya kulitumia, lakini ni neno ambalo Mwarabu humtupia mwanawe, mwanafunzi wake na dereva aliyemkata njia. "Hayawan" linauma zaidi, na sisi hatuhitaji mkalimani kwa sababu hayawani tunayo kwenye Kiswahili. "Kalb" liko mbali zaidi. Mnamkumbuka Muntadhar al-Zaidi, mwandishi wa habari wa Kiiraki aliyemrushia George Bush viatu mjini Baghdad mwezi Desemba 2008? Alirusha viatu na akamwita mbwa kwa pumzi moja, na kila ajuaye Kiarabu alielewa kwamba vile viatu na lile neno ni tusi lile lile. Kiatu kwao ni kitu cha chini mno. Mmisri atasema "gazma", Mwiraki "kundara", Mshami "sarmaya", na ukiita mtu hivyo umemkanyaga. Ndiyo maana pia nawaomba vijana wanaokaa kwenye mabaraza ya watu huku wamekunja mguu juu ya mguu waangalie unyayo wao unamwelekea nani.

Kisha kuna matusi ya nguoni, ya mama na dada. Hayo sitayaandika, wako watoto wanaosoma barua hizi pamoja na wazazi wao. Ila mjue kwamba huku mtu akianza tu "ummak..." au "ukhtak..." kwa sauti ile, hata asipomaliza, watu wameshasimama. Na akimtuhumu mwanamke kwa uzinifu, ametoka kwenye ukosefu wa adabu na kuingia kwenye kadhfu, ambayo Sura An-Nur aya ya 4 inaitaja kwa viboko 80 kwa asiyeleta mashahidi wanne. Mahakama za huku zinalijua hilo. Mwanamke akiitwa malaya kazini asiambiwe na mwenzake "ni maneno tu".

Kuna moja ambalo vijana wetu huliokota kwa wenzao wa Shamu bila kujua wanabeba nini: "yil'an dinak", ilaaniwe dini yako. Kule utamsikia mtu akilisema kwa sababu pancha imempata. Wamisri nao wanalo, kwa "yin'al". Huku msilitamke kabisa, hata kwa kusimulia. Kanuni ya adhabu ya Oman ya mwaka 2018 ina kifungo kizito kwa anayetukana dini, na nchi jirani hazina mchezo na jambo hilo.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. "Ya abda", mwanangu, silipimi kwenye mizani ya himara. Saudia ilifuta utumwa kwa sheria mwaka 1962. Hapa Oman ni mwaka 1970. Wapo watu hai walioiona siku hiyo, na wapo wanaojua babu zao waliwamiliki akina nani. Mtu mzima anayemtupia neno hilo mwanamke mweusi anayesugua sakafu hawezi kusema hakujua. Baadhi yao wana jibu tayari: "Sote ni waja wa Mungu, wewe unakasirikia nini?" Usiingie kwenye mlango huo. Abdallah ni jina tukufu kwa sababu ya Aliyetajwa ndani yake. Wewe anapokuita "abda" hamkusudii Mungu, anamkusudia bwana wa duniani.

Na kama ni Mwislamu, hoja yake imekwisha tangu zamani. Katika Sahih al-Bukhari yupo Abu Dharr, sahaba mkubwa, anayesimulia mwenyewe kwamba alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, akamwambia: "Wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahilia." Kisha akaendelea kusema kwamba wanaowatumikia ni ndugu zenu, walisheni mnachokula na wavisheni mnachovaa. Hadithi hii inatoka kwenye mada hii hii ya mtumishi na ulimi wa bwana wake. Na Sura Al-Hujurat aya ya 11 inakataza kuitana kwa majina ya kejeli.

"Takruniya" lina historia yake. Hijazi, huko kwenu Jeddah na Makka, wako watu wengi wenye asili ya Afrika Magharibi, mababu zao walikuja kuhiji wakabaki, na kwa muda mrefu wameitwa Takarna. Kuna wanaojitaja hivyo wenyewe. Lakini wewe ni wa Tanga, na akikuita hivyo anakuambia kwamba watu weusi wote kwake ni fungu moja. Anayetaka kutaja rangi kwa upole atasema "samra", na wengi husema kwa mapenzi. Hata sisi tuliotoka Unguja baada ya mwaka 1964 na wale waliorejea baada ya 1970 tunaitwa Wazinjibari hapa Oman. Wapo wanaolisema kama mtu atajavyo alikotoka, na wapo wanaolisema ili ukumbuke kwamba hujatimia kuwa wao. Nimezeekea humo.

Kutoka: Kaka wa Dammam

Mzee, shikamoo, Mungu akupe umri. Niongeze upande wa sheria maana nafanya kazi kwenye ofisi ya wafanyakazi wa kampuni.

Dada, wewe uko kwenye zahanati, kwa hiyo Sheria ya Kazi ya Saudia ya mwaka 2005 inakuhusu. Kifungu cha 61 kinamtaka mwajiri awatendee wafanyakazi kwa heshima na ajiepushe na neno au tendo lolote linalogusa utu wao au dini yao. Neno limetajwa humo waziwazi. Kifungu cha 81 kinamruhusu mfanyakazi kuacha kazi bila kutoa taarifa, na haki zake zote zikabaki, endapo mwajiri au meneja anayehusika anamtendea kwa ukatili, dhuluma au matusi. Dada zetu wa majumbani hawamo katika sheria hii, wana kanuni zao, na mlango wa malalamiko yao ni tofauti, msichanganye.

Lakini angalia: kifungu cha 81 kinamtaja mwajiri na meneja. Huyo wa mapokezi ni mfanyakazi mwenzako. Kwa hiyo lazima kwanza uongozi uarifiwe kwa maandishi. Wakijua na wasifanye kitu, hapo jambo limekuwa lao. Lisipotatuliwa ndani, malalamiko huanza kwenye usuluhishi wa wizara inayohusika na kazi, ambao una siku 21, kisha ndipo mahakama ya kazi. Usiache kazi kwa hasira ukisema kifungu cha 81 kitakulinda. Acha ukiwa na karatasi mkononi.

Na asije mtu akanyanyua mkono. Kifungu cha 80 kinampa mwajiri ruhusa ya kukufukuza bila malipo ya mwisho ukimshambulia yeye au mkubwa wako kazini. Nimeona kesi ambayo aliyetukanwa alikuwa na haki yote, akampiga mtu kofi moja, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena lile tusi.

Kutoka: Dada wa Dubai

Naomba niweke la simu, maana huku ndiko watu wanakoangukia.

Msijibu tusi kwa WhatsApp. Hata kama yeye ndiye aliyeanza. Falme za Kiarabu zina sheria ya uhalifu wa mitandao, Namba 34 ya mwaka 2021, na kifungu chake cha 43 kinasema anayemtukana mwenzake kupitia mtandao anaweza kufungwa au kutozwa faini ya kati ya dirhamu 250,000 na 500,000, au vyote viwili. Ujumbe wa faragha kati yenu wawili unahesabiwa. Sauti iliyorekodiwa inahesabiwa, na emoji ya kidole cha kati nayo imewahi kuwafikisha watu mahakamani. Wengi wetu mshahara wa miaka mingi haufiki hapo.

Upande wa pili ni huu: akikutukana kwa maandishi, usifute. Piga picha ya skrini yenye namba na tarehe, na uitunze. Lakini usimrekodi mtu kwa siri akiwa anaongea, wala usimpige video. Hilo lenyewe ni kosa, huku na Saudia pia. Sheria yao ya mitandao ya mwaka 2007 inaweza kukupa kifungo cha hadi mwaka 1 na faini ya hadi riyali 500,000 kwa kuingilia faragha ya mtu kwa kamera ya simu, na kumchafulia mtu jina mtandaoni kumo humo. Kwa hiyo wale wanaosema "mrekodi umtie TikTok" wanakuchimbia shimo, dada yangu. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, neno lenyewe kama ulivyolisikia, na nani alikuwepo.

Kutoka: Dada wa Kuwait

Nyongeza fupi kwa walio majumbani. Wanawake wa huku wakikukunjulia kiganja usoni na kusema "malat alaich" ni tusi, hata kama hujaelewa neno. Vidole vitano vilivyokusanywa juu vikitikiswa si tusi, ni "subiri kidogo". Nilipofika nilivipindua hivi viwili na nikawa naudhika bure kwa bibi mwenye nyumba aliyekuwa ananiomba tu ningoje.

"Inchab" ni funga mdomo, na ni ukali. "Ikhras" ni kali zaidi, kwamba uwe bubu. "Uskuti" ni nyamaza ya kawaida. Na wasichana wapya wajue Kuwait ina sheria ya wafanyakazi wa majumbani tangu mwaka 2015, Namba 68. Haitoshi, lakini ipo, na mtu akiambiwa hana sheria yoyote anadanganywa.

Kutoka: Mwanafunzi, Rabat

Salaam kutoka Moroko. Mzee amegusa jambo ambalo huku ni kubwa zaidi. Nilipofika kutoka Oman nilimshukuru fundi kwa ile dua ya kule, "Allah ya'tik al-afiya", Mungu akupe afya. Akabadilika rangi. Kumbe huku "afiya" ni moto, na mimi nimemwombea moto. Mwenzangu ndiye aliyenieleza, na fundi akacheka. Anayehama kutoka Ghuba kuja Maghribi aiache dua hiyo uwanja wa ndege.

Jambo moja lililonifurahisha: huku mtu hataji kiatu, punda, jalala wala choo bila kukwambia "hashak". Nilijisikia niko kwetu Mombasa, ambako mzee hafungui mdomo kwa jambo la aibu bila kutanguliza "hashakum". Ukiitumia vizuri watakuona mtu uliyelelewa, na kuanzia hapo hata wale wanaokuita "azzi" sokoni hutafuta namna nyingine ya kukuita. Hilo "azzi" ndilo "abd" la huku, na ninaungana na Mzee, silimezi.

Kutoka: Dada wa Jeddah

Nimesoma yote mara mbili na nimelia kidogo, lakini vizuri. Ahsanteni. Mama wa Kimisri nimemkumbatia leo bila kumwambia kwa nini.

Nina swali moja. Pale pale, neno likishatoka, nimwambie nini? Maana nikinyamaza naonekana nimekubali, na nikijibu kwa hasira kaka wa Dammam ameshanionya.

Kutoka: Mzee wa Ruwi, Maskati

Mwanangu, sema kidogo na kwa sauti ya chini, na useme mbele ya watu.

"Eb alaik", aibu kwako, ni neno dogo kwa Kiswahili lakini kwa Mwarabu lina uzito, hasa likitoka kwa mwanamke na watu wanasikia. Halimtukani. Linamkumbusha malezi yake, na mara nyingi aliye pembeni atalidaka na kumkemea kwa niaba yako. Kwa msimamizi usilitumie, yeye mwambie "law samaht, kallimni bi-ihtiram", tafadhali sema nami kwa heshima. Hiyo huwezi kushtakiwa nayo popote. Halafu mtajie jina lako: "Ismi...", jina langu ni fulani. Kila atakapokuita kwa lile neno, mjibu kwa jina lako tu, kisha endelea na kazi.

Jihadhari na "Allah yahdik", Mungu akuongoe. Maneno ni dua, lakini ukiyasema kwa sauti iliyopanda umemwambia amepotea. "Ihtirim nafsak", jiheshimu, ni mlango wa ugomvi, liache. Na "hasbiya Allah wa ni'mal wakil" usiitoe kwa jambo dogo. Ukimwambia mtu hivyo usoni umemshtaki kwa Mungu kwamba amekudhulumu, na wenye imani huiogopa dua ya aliyedhulumiwa kuliko polisi. Kwa "abda" ina haki yake. Kwa sakafu iliyochelewa kukauka, hapana.

Kutoka: Kaka wa Doha

Mzee nimekusikia. La kuitaja jina langu nitalijaribu kesho getini. Mengine bado naogopa, na nafikiri wenye mikopo nyumbani wataogopa pamoja nami. Dada, ukiandika hiyo barua ya malalamiko, nani atakuandikia kwa Kiarabu fasaha?

Kutoka: Kaka wa Dammam

Mimi nitaandika. Dada, nitumie pembeni, si humu, na jina la zahanati au la huyo mtu usiliweke kwenye orodha hii ya barua hata kidogo, kwa sababu aliyoieleza dada wa Dubai. Nahitaji tarehe, neno lenyewe kwa herufi zozote unazoweza, na majina ya waliosikia na wako tayari kusema. Kama ni mmoja tu, anatosha kuanzia. Huyo mama wa Kimisri alikuwepo?